Bia kali ya Kibelgiji bila friji ya kuilaza: barafu itumie mwanzoni

Watu wengi wanaotaka kupika bia kali ya Kibelgiji nyumbani husoma maelekezo vizuri mpaka pale yanaposema bia ilazwe kwenye nyuzi 0 kwa majuma matatu. Hapo wanakata tamaa. Hawana friji ya kuingiza ndoo ya lita 30, na chumba chao hakishuki chini ya nyuzi 25 mwaka mzima. Wanaamua kwamba bia hii si ya kwao, na hapo ndipo wanapokosea. Baridi ya mwishoni ni kitu cha kwanza unachoweza kuacha. Usichoweza kuacha ni ubaridi wa saa 72 za kwanza baada ya kutia hamira. Kwa hiyo kama uwezo wako ni kugandisha chupa chache za maji tu, zitumie mwanzoni.

Tuanze na kazi yenyewe ya baridi. Kiwanda cha Moortgat pale Breendonk, Ubelgiji, kinachotengeneza Duvel, huanza kuchachusha chini ya nyuzi 20, huacha joto lipande lenyewe mpaka juu ya 25, kisha ndipo huilaza bia kwenye baridi kali. Baada ya hapo bia huingia chupani na sukari kidogo na hamira, na kuwekwa kwenye chumba chenye joto la kama nyuzi 24 ili ichache mara ya pili. Safari yote huchukua kama siku 90. Ladha za bia hii, zile harufu za peasi, ndimu na pilipili, zimekwisha kutengenezwa kabla baridi haijaguswa. Baridi inafanya mambo matatu tu: inaangusha hamira chini upesi, inagandisha ukungu wa protini ili uchujwe, na inaiwezesha bia kushika gesi nyingi zaidi. Kila moja kati ya hayo lina njia yake ya mbadala, na zote zinapatikana kwenye chumba cha kawaida.

Tena kuna hasara ambayo baridi huleta na haisemwi sana. Hamira ikimaliza sukari inaanza kusafisha uchafu wake: inameza harufu ya tufaa bichi na ile ya siagi iliyoitoa yenyewe siku za mwanzo. Kazi hiyo inataka joto. Mwenye friji kubwa mara nyingi huwa na haraka, anaishusha bia baridini siku ya 8, hamira inalala, na harufu zile zinabaki milele. Wewe uliye kwenye chumba cha nyuzi 26 umeepushwa na kosa hilo.

Vipimo vya lita 20

Bia ninayoizungumzia ni ile ya rangi ya dhahabu, kiasi cha asilimia 8.5 ya pombe. Inataka kimea cha pilsna (shayiri nyeupe iliyooteshwa na kukaushwa) kilo 5.4, sukari nyeupe ya dukani gramu 900, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) aina ya Styrian Goldings zenye uchungu wa asilimia 4.5 gramu 60, na Saaz gramu 25. Basi. Usiongeze ngano wala kimea cha karameli. Ngano inaleta protini za ukungu, na karameli inaacha utamu unaoifanya bia ya asilimia 8.5 iwe nzito kama uji. Ile sukari ya mawe mawe inayouzwa kwa bei kubwa kwa jina la Kibelgiji, ikiwa nyeupe, ni sukari ileile unayotia kwenye chai. Okoa pesa yako.

Sukari hapa haiko kwa ajili ya kupandisha kileo tu. Karibu robo ya nguvu ya bia inatoka kwake, na sukari haina protini hata chembe. Ina maana umepunguza chanzo cha ukungu kabla hujawasha jiko. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya bia hii kuvumilia kukosa baridi kuliko bia nyingine za nguvu yake.

Chemsha lita 16 za maji mpaka nyuzi 69 au 70, mwaga kimea kilichoparazwa, koroga pasiwe na madonge. Joto litatulia karibu 64. Funika kwa blanketi na uache dakika 90. Joto hili la chini ni la makusudi, kwani linakata wanga kuwa sukari rahisi ambazo hamira inazimaliza zote. Ukikosea ukafika 69 ndani ya kimea, bia itagoma kwenye 1.018 ya haidromita (kipimo cha uzito wa kimiminika, ambacho maji matupu husoma 1.000) na itakuwa tamu mdomoni, na hakuna dawa ya kuaminika baada ya hapo. Kisha chuja, na suuza kimea kwa kama lita 15 na nusu za maji yasiyozidi nyuzi 76. Maji ya moto kupita hapo yanakamua ukakasi wa maganda, na ukakasi huo ndio unaoshikana na protini kuleta ukungu. Utapata kama lita 27.

Chemsha dakika 90 bila kufunika sufuria. Pilsna ina kitu kinachogeuka harufu ya mahindi ya kuchemsha, na kinatoka na mvuke tu, kwa hiyo mfuniko ni adui. Styrian Goldings zinaingia zikibaki dakika 60, Saaz zikibaki 15. Wanaoishi juu milimani wakumbuke kwamba maji huchemka chini ya nyuzi 100: kwa kila mita 300 za kupanda unapoteza takriban nyuzi 1, hivyo Nairobi, kwenye karibu mita 1,800, sufuria inachemka kwenye 94 hivi. Hopsi hutoa uchungu kidogo hapo. Ongeza gramu 6 hadi 9 kwenye zile 60.

Zikibaki dakika 10, tia kidonge kimoja cha karajinani. Kitu hiki kinatokana na mwani mwekundu, na mwani ambao akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanaufunga kwenye kamba baharini ni miongoni mwa vyanzo vya karajinani. Usishawishike kutumbukiza mwani mkavu wa gunia: una chumvi na mchanga, na kipimo chake hakishikiki. Tumia kile kilichokwisha safishwa. Karajinani ina chaji kinyume na ya protini, inazikumbatia na kuzishusha chini ya sufuria wakati maji yanapoa. Angalia kwenye glasi ukichota kidogo baada ya dakika chache: utaona vipande kama vya yai lililokatika kwenye supu, na katikati yake maji yanang'aa. Ukiona hivyo, nusu ya kazi ya friji imekwisha fanyika.

Kupoza lazima kuwe kwa haraka, na hapa ndipo wengi wa nchi za joto wanaposhindwa. Koili ya shaba na maji ya bomba haiwezi kushuka chini ya joto la bomba lenyewe, ambalo pwani ni 27 au 28. Ishushe kwa koili mpaka 30, kisha izamishe sufuria kwenye beseni kubwa la maji na barafu. Kushusha lita 20 kutoka nyuzi 30 hadi 20 kunataka kilo 2 za barafu kwa hesabu ya darasani. Kwa hesabu ya jikoni, weka kilo 4. Barafu ibaki nje ya sufuria. Barafu ya mtaani imejaa vijidudu na haina kazi ndani ya maji ya kimea.

Ukiacha mashapo nyuma utapata lita 19 zenye uzito wa 1.060. Sukari bado hujaitia. Ndiyo, iache kwanza.

Saa 72

Hamira ikila inatoa joto. Kwa lita 19 za nguvu hii, joto lote linalotolewa lingetosha kupandisha ndoo kwa karibu nyuzi 15 kama lisingekuwa na pa kutokea. Halitokei lote mara moja, lakini ndoo iliyo kwenye chumba cha 26 inaweza kufika 31 au 32 katikati siku ya pili, na kwenye joto hilo, wakati hamira inazaliana, inatoa pombe nzito zinazounguza koo pamoja na harufu ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Hizo haziondoki. Hata ukiilaza bia baridini mwaka mzima, zitakuwemo. Siku hizo tatu zinapita kila kitu kingine katika makala hii.

Weka ndoo ya lita 30 kwenye beseni lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake. Ivishe fulana ya pamba, pindo lake lizame majini, na elekeza feni kwenye kitambaa. Ni kanuni ileile ya mtungi wa maji: unyevu unaotoka unaondoka na joto. Dodoma au Nairobi, kwenye hewa kavu, utashusha nyuzi 4 hadi 6 kwa feni pekee. Mombasa na Dar es Salaam hewa imeshiba unyevu, utapata 2 kwa bahati, hivyo tegemea barafu: chupa za lita moja na nusu zilizogandishwa, mbili asubuhi na mbili usiku ndani ya beseni. Kila chupa inabeba joto zaidi ya kilojouli 600 mpaka ifike nyuzi 20. Friji ndogo ya jikoni inaweza kugandisha nne kwa siku ukipanga mapema, kwa hiyo anza kugandisha siku mbili kabla ya kupika.

Pima joto la ndoo, si la chumba. Bandika kihisio cha kipimajoto kwenye ubavu wa ndoo, ndani ya kitambaa, na ukifunike kwa kipande cha sponji. Lengo ni 18 hadi 20 unapotia hamira, na kutovuka 22 mpaka saa 72 zitimie.

Hamira ni uamuzi mkubwa. Kwa asiye na baridi nachagua SafAle BE-256, kwa sababu moja: inashuka chini yenyewe na kushikamana kama udongo wa mfinyanzi. Pakiti mbili za gramu 11.5. Wyeast 1388 ina harufu nzuri zaidi kwa bia ya dhahabu, sikatai, ila inaelea kwa majuma na bila baridi utakunywa hamira. Jihadhari zaidi na BE-134. Ni aina inayoendelea kukata wanga polepole baada ya kuonekana imemaliza, na ikifanya hivyo ndani ya chupa iliyofungwa, chupa inapasuka.

Pamoja na hamira, tia kimeng'enya kinachouzwa kwa jina la Clarity Ferm, kichupa kimoja cha mililita 10. Hiki kinakata hasa zile protini zenye kushikana na ukakasi. Kinafanya kazi wakati bia inachacha, kwenye joto, na ukungu wa baridi unakosa cha kujijengea. Kama ningeambiwa ninunue kitu kimoja tu badala ya friji, ningenunua hiki.

Sasa sukari. Siku ya tatu au ya nne povu linapoanza kushuka na haidromita inasoma karibu 1.020, chemsha gramu 900 kwenye mililita 600 za maji kwa dakika 5, ipoze kabisa, kisha imwage taratibu kwenye ndoo. Taratibu, kwa maana bia imejaa gesi na inaweza kufoka mpaka sakafuni. Faida yake ni mbili. Hamira imeshakula sukari ngumu za kimea kabla ya kupewa zile rahisi, hivyo haifanyi uvivu. Na joto la gramu hizo 900 halikuingia kwenye siku za hatari. Kwa hesabu, uzito wa mwanzo umekuwa kama umeanza na 1.074.

Baada ya hapo ondoa fulana, zima feni, toa ndoo kwenye maji. Iache ipande mpaka 26, hata 27. Watawa wa Westvleteren, wanaopika bia huko Ubelgiji, nao huacha joto lipande juu hivyo. Kuanzia siku ya nne joto la chumba chako linakusaidia.

Muda badala ya baridi, lakini si muda mrefu

Siku ya 12 anza kupima. Haidromita nyingi zimesawazishwa kwa nyuzi 20, na kwenye bia ya 28 unapaswa kuongeza kama 0.002 kwenye usomaji. Mtu anayesahau hili anaona 1.006 na kushangilia, kumbe ni 1.008. Bia imekwisha ikisoma namba ileile mara mbili kwa siku tatu mfululizo, kati ya 1.008 na 1.010. Ikisimama 1.016 na kimea kilikaa kwenye 64, inua ndoo, izungushe polepole bila kumwagika ili hamira iamke, na uipe siku nne kwenye sehemu yenye joto.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba asiye na friji aiache bia kwenye ndoo miezi mitatu ijisafishe. Siukubali. Mambo mawili yanaharibika kwenye joto. Hamira iliyolala chini kwa zaidi ya majuma manne juu ya nyuzi 25 huanza kufa na kupasuka, na ladha yake ni ya mchuzi wa soya. Na oksijeni inayopenya plastiki ya ndoo inazeesha bia kwa kasi, ikaja harufu ya boksi la karatasi lililolowa. Majuma matatu tangu siku ya kupika yanatosha kwa hamira inayoshuka vizuri. Baada ya hapo mahali salama pa bia ni chupani, kwa kuwa hamira inayochacha upya humo inameza oksijeni iliyoingia wakati wa kujaza.

Watu huuliza juu ya jelatini na mabondo. Bondo la samaki ni msafishaji wa zamani wa bia Ulaya, na mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria yamo katika biashara hiyo pia. Lakini vyote viwili vimetengenezwa na kolajeni, na vinafanya kazi vizuri bia ikiwa baridi. Bondo lililoyeyushwa likipata joto linaharibika kabisa. Kwa chumba cha 26 viache.

Chupa

Hesabu ya sukari ya chupani ndiyo inayowaangusha wengi, na sababu ni baridi ileile ambayo hawana. Bia hubaki na gesi kidogo baada ya kuchacha, na kiasi chake hutegemea joto la juu kabisa iliyofikia mwishoni. Iliyopanda mpaka 28 imebakiwa na ujazo 0.7 wa gesi, yaani lita 0.7 za gesi kwa kila lita ya bia. Iliyomalizia kwenye nyuzi 4 ingekuwa na karibu 1.5. Anayenakili kipimo cha mtu mwenye friji anatia sukari pungufu ya gramu 3 hivi kwa lita, na bia inatoka imelala.

Lenga ujazo 3.2. Toa 0.7, unabaki na 2.5, zidisha kwa 3.8: gramu 9.5 za sukari kwa lita. Kwa lita 19 zinazoingia chupani ni gramu 180, zilizoyeyushwa na kuchemshwa kwenye maji ya glasi moja. Tia pia gramu 1 ya SafAle F-2, hamira ya chupani, kwa kuwa ile ya kwanza imechoka na pombe.

Ila chupa ziwe za kustahimili. Gesi ya ujazo 3.2 kwenye nyuzi 20 inasukuma kwa bari 2.7 hivi. Chupa hiyohiyo kwenye stoo ya nyuzi 30 inasukuma karibu 3.8. Chupa za Kibelgiji za kioo kinene na za shampeni zinabeba hilo bila shida, ingawa nyingi za shampeni za Ulaya zinataka vizibo vya milimita 29 badala ya 26. Chupa za kahawia za bia za kawaida, zile za kurudisha kreti, zimekwisha safiri mara nyingi na kugongana, na zina mikwaruzo inayodhoofisha kioo. Kwa hizo shuka mpaka ujazo 2.7, gramu 7.6 kwa lita, na usikubali kushawishiwa zaidi. Zipange ndani ya kreti, uzifunike kwa gunia, mbali na watoto. Kioo kinachopasuka kwa nguvu hiyo kinaruka mita kadhaa.

Zikae wima majuma matatu kwenye joto la chumba, gizani, kisha uzihamishie mahali pa ubaridi kuliko pote nyumbani: sakafuni, upande usiopigwa na jua, chini ya kitanda. Bia itanyweka kuanzia juma la sita. Kwenye 26 inakomaa upesi na kuzeeka upesi, kwa hiyo iwe imekwisha ndani ya miezi mitano au sita.

Kama bado unaogopa ukungu, pika ya kahawia badala ya dhahabu. Badilisha gramu 300 za sukari kwa sukari guru, ongeza gramu 200 za kimea cha giza aina ya Special B, na mengine yabaki yalivyo. Ukungu hauonekani sana ndani ya rangi hiyo, na ladha za zabibu kavu zinafunika uzee mdogo unaoletwa na joto.

Na ile friji ya jikoni uliyogandishia chupa za maji sasa ina nafasi. Ndoo haiingii, lakini chupa tatu zinaingia mlangoni, zikiwa wima. Ziache humo siku saba. Siku ya kwanza utaona bia iliyokuwa safi imefifia kidogo. Ni protini chache zilizosalia zimeshikana. Kufikia siku ya sita zimeshuka na kukaa juu ya hamira, tabaka jembamba jeupe lisilozidi unene wa kucha. Toa chupa bila kuitikisa, iache mezani dakika 15 ifike nyuzi 8 hadi 10, inamisha glasi, na mimina kwa mkono mmoja bila kuirudisha wima mpaka uone utepe wa mashapo unakaribia shingo. Hapo simama. Kilichobaki ni kama vijiko viwili, na wapo wanaokimimina kwenye glasi ndogo na kukinywa pembeni.